Kubaki, lakini si hivi hivi: kisa cha kikundi kimoja cha Pemba kilichotetea Muungano

Usuli

Katikati ya mwaka 2013 rasimu ya kwanza ya Katiba ilikuwa imeshatoka. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika) badala ya mbili zilizopo, na kuyapunguza mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano, kutoka 22 hadi 7. Mbali na mabaraza ya katiba yaliyoundwa rasmi, watu wenye malengo yanayofanana waliruhusiwa kukaa wenyewe, kuijadili rasimu na kupeleka maoni kwa maandishi. Kisa hiki ni cha kundi moja la namna hiyo kisiwani Pemba. Jina la kikundi, shehia yao na majina ya watu sikuyaweka, na kazi za watu wawili watatu nimezibadilisha kidogo wasije wakatambulikana.

Kikundi kilianza kama chama cha kuweka na kukopa. Wanachama ni kiasi cha arobaini: wenye maduka, wavuvi, wenye mikarafuu, akina mama wa mwani, walimu, na vijana waliorudi kutoka vyuoni bila ya kazi. Ni nadra kumkuta asiye na mtu ng'ambo ya pili ya maji, awe Tanga, au Tandika na Kariakoo za Dar es Salaam. Mpemba na duka Bara ni mambo yaliyozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyashangaa.

Lakini upepo wa siasa ulikuwa ukivuma kwengine. Wazee walikuwa bado wanahesabu: mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, yakafika 22. Mwaka 1984 Aboud Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar kwa sababu ya mvutano huo huo wa muundo. Baada ya uchaguzi wa 1995 Rais wa Zanzibar akawa si tena Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Na kauli iliyokuwa midomoni mwa watu wengi ilikuwa "Muungano wa Mkataba", yaani nchi mbili zenye mamlaka kamili zinazoungana kwa mkataba tu. Jaji Warioba mwenyewe alilieleza Bunge Maalum la Katiba Machi 2014 kwamba kati ya Wazanzibari waliotoa maoni kuhusu muundo, asilimia 60 walitaka mkataba na asilimia 34 serikali mbili. Katika hali hiyo, anayesimama Pemba na kusema "tubaki" huulizwa kwanza ametumwa na nani.

Mwenyekiti wa kikundi, mfanyabiashara wa makamo, aliona maoni ya upande mmoja hayatakuwa na uzito. Akaomba kamati ndogo ya watu watano itayarishe hoja za kubaki, hata kama kikundi kizima kitazikataa. Kisa hiki kinahusu hiyo kamati. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu, na ninayoyaeleza yametoka kwenye daftari la mihutasari.

Kikao cha kwanza: udugu, vitisho na umeme

Aliyefungua ni mwalimu mstaafu, wote wanamwita Maalim. Alianza na 26 Aprili 1964, akapita kwenye udugu wa damu na ndoa, kisha akaingia kwenye tahadhari. Akawakumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya 1995 kuhusu dhambi ya ubaguzi, kwamba mkishajitenga na Bara hamtaishia hapo. Mtagundua kuna Waunguja na Wapemba. Akaleta na Comoro: Mayotte ilibaki na Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru 1975, Anjouan ikataka kwenda zake 1997, hadi 2008 wanajeshi wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, wakaingia kuirudisha.

Mfano wa Comoro ulisikilizwa, maana wapo Pemba wenye jamaa huko. Wa Nyerere ulizima ukumbi. Mzee mmoja mwenye mikarafuu hakungoja zamu:

"Maalim, kwa heshima yako. Kama Muungano ndio unaotuzuia siye tusiumizane, basi Januari 2001 ulikuwa wapi? Watu wangu mie walikwenda kulala Shimoni."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Baada ya maandamano ya Januari 2001 na risasi za polisi, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kama wakimbizi. Polisi ni jambo la Muungano. Maalim alinyamaza, akakaa, na kwa muda wote uliobaki hoja ya amani haikurejewa na mtu.

Kijana wa kamati aliyesoma uchumi Dar es Salaam akajaribu njia nyengine. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo ilikuwa majenereta ya dizeli na giza la kupokezana. Je, nani angeuleta waya ule kama si Muungano? Akajibiwa na kijana mwenzake, tena kwa utulivu: umeme haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Shirika la Umeme la Zanzibar hununua kutoka TANESCO kwa bili, kama mteja. Uganda huiuzia Kenya umeme na hazina rais mmoja. Na waya wa Unguja ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010, ikiwa ndani ya Muungano.

Hapo baadhi ya wajumbe wakaanza kuaga. Kamati ilikuwa imeshapoteza.

Stakabadhi ya friji

Kilichogeuza mambo hakikupangwa. Mmoja wa kamati, mzee mwenye duka Tandika na jengine Chake Chake, aliomba aseme kabla watu hawajatawanyika. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa stakabadhi ya kodi aliyolipishwa bandarini Dar es Salaam kwa friji aliyoinunua Darajani, mjini Unguja. Ukumbi ukacheka kicheko cha watu wanaojua. Kila aliyewahi kuvuka na televisheni ana karatasi yake kama ile, na "kodi mara mbili", ya Zanzibar kisha ya Bara kwa bidhaa ile ile, ilikuwa kero ya Muungano inayojulikana hata na mtoto wa skuli. Watu wakadhani mzee amegeuka.

"Hii naichukia kuliko nyie," akasema. "Lakini baada ya kuilipa nilikwenda kulala kwangu. Si chumba cha kupanga, kwangu. Kiwanja kina jina langu. Sikuomba kibali cha kuishi wala cha kufanya kazi, na wanangu wanasoma pale kama watoto wa pale. Sasa nambieni, siku tukiwa nchi mbili mbali mbali, mie Tandika ni nani?"

Yule kijana aliyeipinga hoja ya umeme akajibu kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki inatosha: ushuru wa forodha wa pamoja upo tangu 2005, soko la pamoja tangu 2010. Swali likawa zito kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa lilikuwa na majibu yanayoweza kupimwa. Mwenyekiti akaahirisha kikao na kuitaka kamati irudi na maandishi.

Maamuzi ya kamati na sababu zake

Kabla ya kikao cha pili kamati ilikaa peke yake barazani kwa mwenyekiti. Uamuzi mkubwa kuliko yote ulitoka kwa mwanamke pekee wa kamati, muuguzi. Alisema wamekuwa wakijibu maswali mawili kwa pumzi moja: tubaki au tutoke, na Muungano ulivyo sasa ni mzuri au mbaya. Kila aliposikika mtu akitetea la kwanza, wasikilizaji walimhukumu kwa la pili. Wakakubaliana kuyatenga, yapigiwe kura mbali mbali, na andiko la kamati lianze kwa kuorodhesha kero bila ya kuzipunguza: mafuta na gesi kuwekwa kwenye Muungano, kodi bandarini, Akaunti ya Fedha ya Pamoja (ya michango ya serikali mbili kwa Muungano) iliyotajwa katika ibara ya 133 ya Katiba lakini ilikuwa haijafanya kazi, na mgao wa Zanzibar wa asilimia 4.5 wa misaada ambao hakuna anayejua umepimwa kwa kipimo gani.

Pili, waliamua kuacha vitisho vyote. Maalim alipinga. Alisema Comoro ni kweli na kweli haifichwi. Akajibiwa kwamba kweli inayosemwa kwa sauti ya kutisha haimfikii mtu aliyekwisha kutishwa mara nyingi, na Mpemba ni mtu huyo.

Kisha wakajiwekea kipimo: hoja yoyote ya kubaki iulizwe, "Hili haliwezi kupatikana kwa makubaliano ya kawaida baina ya majirani?" Likiwezekana, liondoke. Umeme ukaondoka. Meli zikaondoka. Karafuu haikuingia hata mlangoni, maana si ya Muungano na mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Kilichobaki kilikuwa kidogo lakini kigumu kukitikisa.

Kwanza uraia. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mpemba wa Tandika angelazimika kuchagua. Akichagua Zanzibar, Sheria ya Ardhi ya Bara ya 1999 wakati ule haikumruhusu mgeni kumiliki ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki haimsaidii, kwa sababu suala la ardhi limeachiwa sheria za kila nchi. Tena uanachama wa Jumuiya haurithiwi. Sudan Kusini ilikuwa imeomba tangu 2011 na wakati ule ilikuwa ingali mlangoni (iliingia 2016).

Hoja ya pili ilikuwa kura ya theluthi mbili. Ibara ya 98 ya Katiba inataka theluthi mbili ya wabunge wa kila upande ili kubadilisha mambo kama orodha ya Muungano au mamlaka ya Serikali ya Zanzibar. Sensa ya 2012 iliihesabia Zanzibar watu milioni 1.3, chini ya asilimia tatu ya Watanzania, na bado ina nguvu ya kuzuia. Majimbo 50 kati ya 239 ya wakati huo yalikuwa yake.

Kulikuwa na hoja moja iliyosemwa barazani na haikuandikwa. Mzanzibari anamiliki ardhi Bara kama Mtanzania mwengine. Mtanzania wa Bara hapati ardhi Zanzibar kwa urahisi huo, kwa sababu sheria za ardhi za Zanzibar zinamlinda Mzanzibari. Kwa kisiwa chenye watu wengi na ardhi ndogo, hiyo ni faida kubwa. Mzee wa Tandika akasema, "Hilo tulijue wenyewe. Karatasi hii itasomwa Dar es Salaam." Likaachwa.

Kikao cha pili na matokeo

Ubishi ulihamia pale ulipostahili kuwa tangu mwanzo, kwenye Muungano wa Mkataba. Vijana walikuja wamejiandaa. Walisema Umoja wa Ulaya ni mkataba, na Mfaransa anaishi na kufanya kazi Ujerumani bila ya kibali wala kubadili uraia. Kwa nini Zanzibar na Tanganyika zisiwe hivyo? Ni hoja nzuri, na kamati ilikiri kwamba mkataba unaweza kulinda karibu kila alichokitaja mzee.

Jibu lilitoka kwake yeye mwenyewe: "Mlango mnaoutaka una pande mbili. Mnautazama kwa upande wa kutokea sisi. Mie nautazama kwa upande wa kutolewa."

Alimaanisha kwamba mkataba ukiwekewa kifungu cha kujitoa, kifungu hicho ni cha Bara pia. Wakati ule kule Bara madai ya Serikali ya Tanganyika yalikuwa yamepamba moto, na yalikuwa na historia: wabunge wa G55, kundi la wabunge 55, waliyapeleka bungeni 1993. Siku Bara ikichoka, haki ya Mpemba aliye Tandika inaamuliwa na wapiga kura asiokuwamo.

Kura ya mikono ikapigwa. Katika swali la kubaki au kutoka, wengi waliovuka nusu kwa wazi walisema kubaki. Katika swali la muundo, waliotetea hali iliyopo walikuwa wachache sana. Waliobaki waligawanyika baina ya serikali tatu na mkataba, na mwenyekiti hakulazimisha jibu moja. Andiko la kurasa mbili likapelekwa likiwa na majibu yote mawili. Vijana watatu walikataa kutia saini, wakisema kutenganisha maswali kulikuwa ni ujanja wa kupata "ndiyo" ya kwanza.

Kitaifa mambo yalikwenda kwa njia yake. Rasimu ya pili ya Desemba 2013 ilibaki na serikali tatu. Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka Bunge Maalum. Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 ikarudisha serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, haijapigwa. Kero moja katika orodha ya kikundi ilisogea kwa njia nyengine: sheria ya petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake, ikafuatiwa na sheria ya Baraza la Wawakilishi ya 2016, na mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar ukasainiwa na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018.

Uchambuzi

Kutenga maswali mawili ndiko kulikofanya kazi kuliko kitu chengine chochote. Kwa miaka mingi mtetezi wa Muungano Zanzibar amejipachika kazi ya kutetea kila kilicho ndani yake, mpaka kodi ya friji. Akiulizwa kero hujibu kwa faida, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba anayetaka kubaki hana macho. Kamati ilipoanza na kero, iliwapokonya wapinzani nusu ya hotuba yao na ikapata haki ya kusikilizwa. Hata hivyo vijana watatu walikuwa na pointi. Kupiga kura ya kubaki kabla ya kujua ni Muungano gani unaobaki ndani yake ni kununua nguo bila ya kuipima, na mpangilio wa maswali ulimfaa zaidi aliyekwisha kuamua. Ningependelea kura ya muundo itangulie.

Kipimo cha "haliwezi kupatikana kwa makubaliano ya kawaida?" kilikuwa kikali, na wengi wanaoandika kuhusu Muungano wangefaidika nacho. Kiliondoa hoja zinazopendwa majukwaani. Kilionesha pia kwamba thamani ya muungano wa kisiasa haiko kwenye bidhaa. Bidhaa huvuka kwa mkataba wowote. Ndiyo maana stakabadhi ya friji, ambayo kila mtu aliicheka, haikuwa ushahidi wa upande wowote. Thamani iko kwa watu: haki ya kuwa mwenyeji pande zote mbili, ambayo haifutiki kwa barua ya notisi.

Hoja ya mlango ilithibitishwa na mambo ya mbali baadaye. Waingereza walipopiga kura 23 Juni 2016, asilimia 52 walitaka kutoka Umoja wa Ulaya. Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki, zikatoka pamoja na wengine. Na kambi ya kubaki, iliyotumia muda mwingi kuhesabu hasara za kutoka, iliangukia pale pale alipoangukia Maalim: ilitisha watu ambao hawakuwa wakiyaona manufaa ya sasa. Sisemi Uingereza ni Zanzibar. Nasema haki iliyosimama juu ya mkataba wenye kifungu cha kujitoa hudumu kwa kadiri upande mkubwa unavyotaka.

Hoja ya theluthi mbili niliiona dhaifu kuliko kamati ilivyoamini. Wabunge wa Zanzibar wana nguvu ya kuzuia kwenye karatasi, lakini hupiga kura kwa vyama vyao kabla ya visiwa vyao. Mzee wa mikarafuu aliuliza vipi orodha ilikua kutoka 11 hadi 22 kama kizuizi kipo, na kamati haikuwa na jibu zuri.

Kuhusu fedha, kamati ilikuwa na busara kuliko wanasiasa wengi. Haikudai kwamba Bara inailisha Zanzibar, wala kinyume chake. Bila ya Akaunti ya Pamoja inayofanya kazi, hakuna upande unaoweza kuthibitisha nani anambeba nani, na anayetaja tarakimu kwa uhakika anatangaza chama chake tu.

Kuiacha hoja ya ardhi naielewa, ila ilikuwa na gharama. Andiko lililosomwa Dar es Salaam halikuwa na sababu yake kubwa kuliko zote, na vijana waliojua kwamba imefichwa waliuliza ni lipi jengine lililofichwa.

Lipo pengo ambalo kamati haikuliziba. Karibu na mwisho wa kikao cha pili, mama mmoja wa mwani alisimama na kusema: "Mie sina duka Tandika. Sina kiwanja Tanga. Mwani wangu ananunua mwenye kampuni hapa hapa ufukweni. Huo Muungano wenu wa kwenda na kurudi, mie unanihusu nini?" Muuguzi alimjibu kwamba mwanawe anasoma chuo kikuu Dodoma kwa mkopo wa bodi ya Muungano, kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano. Akasema ni kweli, akakaa. Lakini jibu lile lilimhusu mwanawe. Hoja zote zilizopita kipimo cha kamati zilikuwa za mtu anayevuka maji, na wanaovuka Pemba ni wenye mtaji, wengi wao wanaume. Kwa aliyebaki ufukweni, andiko la kurasa mbili halikuwa na sentensi hata moja, na yeye ndiye mwenye kura nyingi zaidi kisiwani.